Mkono ukilia "pwa" ukibeba gunia, usiupuuze

Msikilizaji wetu, shika mkono wako wa kulia katikati ya bega na kiwiko. Sasa kunja kiwiko, kisha geuza kiganja kitazame juu. Umesikia kitu kikituna na kuwa kigumu? Huo ndio msuli tunaouzungumzia leo, baisepsi.

Juu una vichwa viwili, vyote vimeshikwa na kano kwenye mfupa wa bega. Chini, kano moja nene hupita mbele ya kiwiko na kushika mfupa ulio upande wa kidole gumba. Ndiyo maana unafanya kazi mbili: kukunja kiwiko na kugeuza kiganja, kama unapokaza skrubu.

Hatari ipo pale umebeba gunia, mkono umekunjwa, halafu ghafla uzito unaunyoosha kwa nguvu. Kano ya kiwikoni inaweza kukatika. Utasikia mlio, maumivu, damu itavilia karibu na kiwiko, na msuli utapanda juu kama donge.

Bado utaweza kukunja mkono, kwa sababu chini yake kuna msuli mwingine unaosaidia. Hapo ndipo mtu hudhani ameteguka tu, akaenda kuchuliwa.

Tunakuomba usichuliwe. Kano iliyokatika hujivuta juu, na kadiri siku zinavyopita inakuwa vigumu kuirudisha kwenye mfupa kwa upasuaji. Nenda hospitali siku hizo hizo, usisubiri mavuno yaishe. Na mweleze daktari kwamba ulisikia mlio.