Eka na Hekta: Mnunuzi wa Shamba na Ajihadhari
Zamani watu wengi walipima shamba kwa hatua za miguu, na mpaka ulikuwa mti, jiwe au kijito. Waingereza walileta eka, yaani yadi za mraba 4,840, na hata leo wakulima wa Kenya huuziana kwa eka. Lakini hati ya shamba huandikwa kwa hekta, yaani mita za mraba 10,000, ambazo ni karibu eka mbili na nusu. Basi aliyenunua eka moja akisoma katika hati yake hekta 0.405, asidhani ameibiwa. Hiyo ni eka kamili. Bali aliyelipia hekta mbili akapewa eka mbili, amepoteza zaidi ya nusu ya shamba lake. Heri kuuliza kabla ya kutia sahihi.