Mtoto kazaliwa, mechi kesho: Silva aliruhusiwa, Gunnarsdóttir alidai hadi FIFA

SOKA lina utamaduni wake. Mchezaji anaingia kambini siku kadhaa kabla ya mechi, mambo ya nyumbani yanawekwa kando, na anayecheza huku anachechemea ndiye anayepigiwa makofi. Anayeomba ruhusa akamwone mkewe aliyejifungua anaweza kuonekana legelege. Kibaya zaidi, mara nyingi ni yeye mwenyewe anayejiona hivyo, maana amezoea kuwa mtu wa klabu kabla ya kuwa baba wa mtu.

Ndiyo maana neno la kocha lina uzito.

Desemba 2017, Mateo, mtoto wa kiungo wa Manchester City, David Silva, alizaliwa njiti na kulazwa hospitalini Hispania akipigania uhai. City ilikuwa kwenye mbio za ubingwa na Silva ndiye fundi wao. Pep Guardiola alisema wazi: familia kwanza. Akamwachia asafiri alipohitaji. Silva alikosa baadhi ya mechi, akarudi, na Februari 2018 akafunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Arsenal ikilala 3-0. City ikabeba ubingwa kwa pointi 100. Agosti mwaka huo aliingia Etihad amembeba Mateo. Nani alithubutu kumwita legelege?

Kwa Sara Björk Gunnarsdóttir mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2020 alifunga bao kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Lyon ikiichapa Wolfsburg 3-1. Mwaka uliofuata akapata ujauzito, akarudi kwao Iceland, na mshahara haukuingia wote. Shujaa wa fainali akajikuta anadai chake. Alikwenda FIFA na kushinda. Lyon ikaamriwa kumlipa zaidi ya Euro 82,000. Kanuni zilizoanza 2021 zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa walau theluthi mbili ya mshahara.

Lakini kanuni inaleta pesa tu, haiondoi aibu ya kuomba ruhusa. Hiyo inaondolewa na kocha, nahodha na wenzake chumbani.

Klabu zetu za Ligi Kuu Bara nazo zina kambi. Usiku wa kuamkia dabi, mchezaji akipigiwa simu kwamba mkewe kashikwa na uchungu, atagonga mlango wa kocha, au atazima simu na kujifanya amelala?