Chopa ya vita inavyotembea kama kaa

Wadau, leo siasa tuipumzishe. Nataka nieleze kitu ambacho nimekuwa nikikifanyia mazoezi kwenye kompyuta hapa Nachingwea, na nikiwa Ruangwa kwa kaka yangu: kurusha helikopta ya kivita kwenda ubavu. Yaani pua inaangalia kule, mwili unakwenda huku, kama kaa. Mimi nimeishia kidato cha nne na fizikia niliyosoma ni ya ubaoni, lakini nawaambieni ukweli, sheria ya tatu ya Newton nimeielewa humu.

Kwanza, kwa nini mtu ajisumbue? Ndege ya kawaida ikisimama angani inaanguka. Chopa inasimama, inarudi nyuma, inakwenda kushoto au kulia inavyotaka. Vitani ndiyo inaifanya iogopwe. Inajificha nyuma ya kilima, inachomoza ubavuni, inapiga, inarudi mafichoni, na muda wote huo rubani hajageuza pua wala hajaondoa macho kwa adui.

Wazee wa huku hawahitaji kuelezwa. Nachingwea ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipofundishwa miaka ya 1960 na 1970, Samora Machel akiwemo miongoni mwa viongozi wao, kabla ya kuvuka Ruvuma kwenda kupigana na Wareno. Kule walikutana na Alouette III, chopa ndogo ya Kifaransa. Baadhi ya hizo Wareno walizifunga mzinga wa milimita 20 mlangoni, upande wa kushoto, wakaziita Lobo Mau, yaani mbwa mwitu mbaya. Sasa hebu fikiria. Mzinga unatazama kushoto, kwa hiyo rubani hana haja ya kukuelekezea pua. Anakuzunguka tu. Wewe uko katikati ya duara na mpiga mzinga anakuona muda wote. Ukikimbia, duara linahama na wewe. Kuna mzee jirani yetu ambaye enzi hizo alikuwa ng'ambo ya mto. Chopa za kampeni zikija, sisi vijana tunakimbilia uwanjani kushangaa, yeye anaingia ndani na kufunga mlango.

Na msidhani ni mambo ya kale. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, pale pale ng'ambo, chopa za kampuni binafsi ya ulinzi kutoka Afrika Kusini ndizo zilizowatoa baadhi ya watu waliozingirwa hotelini. Kushusha chopa sehemu finyu huku risasi zinalia, hiyo ni kazi ya mtu anayejua kuisogeza pembeni kwa mita moja moja.

Haya, tuje kwenye somo lenyewe. Rubani ana vitu vitatu. Mkono wa kulia ameshika fimbo iliyo katikati ya miguu, inaitwa saikliki. Ukiilaza kushoto, duara la pangaboi kubwa la juu linalala kushoto na chopa inavutwa huko. Mkono wa kushoto kuna wenzo kama hendibreki ya gari, huo ni kolektivu, ukiuinua chopa inapanda. Miguuni kuna pedali mbili za kuongeza na kupunguza nguvu ya pangaboi dogo la mkiani. Hilo dogo watu wanalidharau sana. Injini ikizungusha pangaboi kubwa upande mmoja, mwili wa chopa unataka kuzunguka upande wa pili. Hilo dogo ndilo linaloukatalia.

Balaa ni kwamba vitu hivi vitatu vimefungwa kamba moja. Sema unataka kwenda kushoto. Unalaza fimbo. Ile nguvu ambayo yote ilikuwa inakubeba, sasa sehemu yake imekwenda kukuvuta pembeni, kwa hiyo unaanza kushuka. Unainua kolektivu. Injini inakazana zaidi, mwili unataka kuzunguka, pua inahama. Unakanyaga pedali. Pangaboi la mkiani likisukuma zaidi linakusogeza pembeni na wewe, inabidi urekebishe fimbo. Umerudi ulipoanzia, na hata sekunde mbili hazijaisha! Ndiyo maana wanaoanza huyumba kama mlevi anayetoka kilabuni. Dawa yake ni kugusa kidogo kidogo na kutangulia: mkono ukiinua kolektivu, mguu uwe umeshaanza kukanyaga kabla pua haijahama.

Halafu kuna hewa. Ukienda ubavu, hewa inaugonga mkia kutoka pembeni, na mkia unafanya kama kile kishale cha upepo juu ya paa: pua inataka kugeukia unakokwenda. Ukienda kulia, pua inavutwa kulia, kwa hiyo unaizuia kwa pedali ya kushoto. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo unavyozidi kukanyaga, mpaka pedali inafika mwisho. Hapo ndipo mpaka wako, usitafute mwingine.

Kushoto na kulia navyo si ndugu. Apache ya Wamarekani na Bo 105 ya Wajerumani, ukizitazama kwa juu, pangaboi linazunguka kinyume cha saa. Kwa hizo, mkia unaisukuma chopa kulia hata ikiwa imesimama, na rubani anashikilia fimbo kushoto kidogo muda wote. Mi-24 ya Warusi na Alouette zinazunguka kama saa, kila kitu kinageuka. Aliyezoea Apache akikalia Mi-24, miguu inamsaliti. Tena kwa Bo 105, kwenda kushoto kwa pupa kuna hatari yake: pangaboi la mkiani linasukuma hewa kushoto, na upepo unaokuja kutoka kushoto unairudisha hewa ile ile. Linabaki linajikoroga lenyewe, pua inaanza kuzunguka. Marubani wa kweli wamekufa kwa hili.

Warusi walikuja na jibu lao, Ka-50, iliyoingia rasmi jeshini mwaka 1995. Haina pangaboi la mkiani kabisa. Ina mawili makubwa juu, moja linazunguka huku lingine kule, yanajikatalia yenyewe. Ndiyo chopa iliyokuja na programu ya DCS: Black Shark mwaka 2008, na hapo wengi ndipo walipojifunza voronka, yaani faneli: unamzunguka adui kiubavu huku pua inamtazama chini katikati. Ni Lobo Mau ile ile, ila mzinga umehamia mbele.

Kwa asiye na pesa, FlightGear ni ya bure na Bo 105 imo. DCS World ya leo ni nzito, itamaliza bando lako lote, na kompyuta za kulipia kwa saa nyingi haziiwezi. Pedali mimi sina, natumia joistiki ya kuzungusha mpini. Naanzia uwanja wetu wa Nachingwea, HTNA, ule uliohudumia mradi wa karanga wa Waingereza. Inyanyue mita tatu, ardhi itakusaidia kukubeba. Macho yatazame mbali, sio chini ya pua. Sogea ubavu kwa mwendo wa mtu anayetembea, simama, rudi. Ukivuka kama kilomita 30 kwa saa utashangaa inapanda yenyewe, kwa sababu pangaboi limepata hewa safi, hapo shusha kolektivu.

Ukishaweza, chagua jengo moja, lizunguke duara zima pua ikilitazama. Kisha lizunguke upande wa pili. Utajua pedali ipi ulikuwa unaidharau.