Likasi: Usiifute winmail.dat, huenda ndani yake mna oda yako

Likasi, mji wa madini ulio kati ya Lubumbashi na Kolwezi, unajulikana kwa shaba na kobalti. Lakini anayetaka kuiuzia kampuni ya mgodi vipuri, mafuta au huduma ya usafiri huanza na makaratasi: oda, ankara na hati za zabuni. Siku hizi mengi ya makaratasi hayo hupitia barua pepe.

Hapo mfanyabiashara mdogo anaweza kukwama. Anafungua barua aliyoisubiri, lakini badala ya hati ya PDF anakuta faili moja tu, winmail.dat, isiyofunguka. Akidhani ni virusi, anaifuta, na muda wa zabuni unapita.

Jina hilo si la virusi. Ni la kifurushi cha TNEF, muundo wa kampuni ya Microsoft. Programu ya Outlook ikituma barua kwa mtindo wa Rich Text, mapambo ya maandishi na viambatisho huweza kufungwa pamoja ndani yake. Outlook ya mpokeaji hukifungua kimyakimya. Programu nyingine nyingi hushindwa, kwani hutegemea MIME, kanuni ya wazi ya viambatisho iliyochapishwa mwaka 1992.

Tatizo ni kwamba aliyetuma haoni kasoro yoyote kwenye kompyuta yake. Hasara inamwangukia aliyepokea.

Kwa msimamizi wa seva kuna hatari zaidi. Kinga ya virusi isiyojua kufungua TNEF haioni kilichomo, hivyo faili yenye madhara inaweza kupenya. Kwenye seva za Linux, programu huria iitwayo tnef hufungua kifurushi hicho, na kichujio cha barua kinaweza kuitumia ili kila hati ikaguliwe kabla ya kumfikia mtu.

Hata hivyo, dawa ya kudumu iko kwa mtumaji: achague mtindo wa HTML au maandishi ya kawaida. Msimamizi wa seva ya Exchange naye anaweza kuzima TNEF kwa barua zote zinazotoka nje ya kampuni.

Kwa mpokeaji, hatua ya kwanza ni kumwandikia mtumaji mara moja na kuomba hati upya. Kuipeleka faili kwenye tovuti asiyoijua ili ifunguliwe ni kuwapa wageni bei na siri za biashara yake.