Faida ya Kitabu Kikuukuu Iko Kwenye Hesabu



Huenda nyumbani kwako kuna vitabu ambavyo havisomwi tena. Watoto wamemaliza shule, vitabu vimebaki sandukuni. Siku hizi mtu wa kijijini anaweza kumwuzia kitabu mtu wa mji wa mbali bila kuonana naye. Anakipiga picha kwa simu. Anaionyesha picha hiyo kwenye mtandao wa intaneti. Mnunuzi analipa kwa simu. Kitabu kinasafiri kwa basi au kwa posta.

Biashara hii inawezekana. Lakini usipopiga hesabu, utauza vitabu vingi na fedha usizione.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Umenunua vitabu vikuukuu 5 kwa shilingi 2,000 kila kimoja. Umetumia shilingi 10,000. Umeuza vitabu 3 kwa shilingi 5,000 kila kimoja. Umepata shilingi 15,000. Vitabu 2 havikupata mnunuzi.

Je, umepata faida ya shilingi 5,000? Hapana. Tazama gharama nyingine:

Kifurushi cha intaneti: shilingi 1,000.
Bahasha 3 za kufungia: shilingi 1,500.
Nauli ya kwenda na kurudi mjini mara 3: shilingi 3,000.

Jumlisha na zile 10,000 za kununulia. Jumla ni shilingi 15,500. Ulipokea 15,000. Umepata hasara ya shilingi 500, na jasho lako halijahesabiwa.

Sasa tubadili mambo mawili. Kwanza, ungevipeleka vitabu vyote 3 mjini kwa safari moja. Ungeokoa shilingi 2,000. Hasara ya 500 ingegeuka kuwa faida ya 1,500. Pili, usingenunua vile vitabu 2 visivyo na mnunuzi. Ungeokoa shilingi 4,000 nyingine. Faida yako ingefika shilingi 5,500.

Umeona? Bei ya kuuzia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ununuzi na matumizi. Faida huanza siku ya kununua, haingoji siku ya kuuza.

KITABU KIPI KINA MNUNUZI?

Kitabu hakiwi na thamani kwa sababu ni cha zamani tu. Kinakuwa na thamani kama watu wanakitaka na hakipatikani kwa urahisi.

Vitabu vya shule vinataka uangalifu. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kutumia mitaala mipya, hatua kwa hatua. Mtaala ukibadilika, kitabu cha mtaala wa zamani hupoteza wanunuzi wengi, hata kama hakina doa. Kabla ya kununua kitabu cha shule, mwulize mwalimu kama bado kinatumika.

Vitabu vya hadithi havipitwi na wakati haraka. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na watu wangali wanasoma vitabu vyake. Lakini kumbuka: vitabu vyake bado vinachapishwa. Mnunuzi anaweza kupata kipya dukani. Kwa hiyo kikuukuu chako lazima kiwe na bei ya chini zaidi.

JINSI YA KUPANGA BEI

Geuza kitabu utazame nyuma. Vitabu vingi vina namba iitwayo ISBN. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13. Kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 10. Iandike namba hiyo kwenye simu uitafute. Itakuonyesha kitabu chenyewe na toleo lake, ili usikifananishe na kingine chenye jina hilo hilo.

Tazama wauzaji wengine wanakiuza kwa bei gani. Lakini usidanganyike. Bei iliyoandikwa na muuzaji si bei iliyolipwa na mnunuzi.

Hapa kuna kisa cha kweli. Amazon ni duka kubwa la intaneti la Marekani, lililoanza kuuza vitabu mwaka 1995. Mwaka 2011 wauzaji wawili waliweka humo kitabu cha kitaalamu kuhusu nzi. Kiliandikwa na Peter Lawrence na kutolewa mwaka 1992. Wauzaji hao waliachia kompyuta kazi ya kupanga bei. Kompyuta ya mmoja iliweka bei chini kidogo ya mwenzake. Ya mwingine ilipandisha bei zaidi ya robo juu ya mwenzake. Zikafukuzana hivyo siku baada ya siku. Mwishowe kitabu kimoja kiliandikwa bei ya zaidi ya dola milioni 23! Baadaye bei ilishuka ikawa dola mia moja na kidogo.

Kuandika bei kubwa ni rahisi. Kumpata wa kuilipa ndiyo kazi.

Baada ya kutazama bei, tazama hali ya kitabu. Je, kurasa zote zipo? Kuna maandishi ya kalamu? Kimelowa maji? Kina mchwa? Piga picha ya kasoro hizo pia, na uzieleze. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli hatakurudishia kitabu.

JIHADHARI

Usiuze kitabu chenye muhuri wa shule au maktaba. Hicho huwa mali ya shule au maktaba hiyo.

Usiuze nakala zilizotolewa kwa mashine bila ruhusa ya mwenye kitabu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri ya simu. Mnunuzi wa kweli haihitaji ili akulipe.

Usitume kitabu kwa kuamini ujumbe wa malipo tu. Kwanza tazama salio lako mwenyewe. Ukituma, tunza risiti ya basi au ya posta.

Mwisho, nunua daftari. Andika kila shilingi inayotoka na kila shilingi inayoingia, hata ya bahasha. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mfano wetu, kwa nini muuzaji alipata hasara ingawa aliuza kwa bei zaidi ya mara mbili ya aliyonunulia?
2. Je, watu watatu wa kijiji kimoja wakipeleka vitabu vyao mjini kwa pamoja, kila mmoja ataokoa nini?
3. Taja vitabu vilivyopo nyumbani kwako. Kipi kinaweza kuuzwa, na kipi afadhali kibaki kisomwe na wajukuu?