Lisp na Uchanganuzi wa Vitenzi vya Kibantu

Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958, hujengwa kwa orodha ndani ya orodha. Hivyo kitenzi "alimpigia" chaweza kuwakilishwa kama (a li m (pig i) a). Mwaka 1983 Lauri Karttunen aliandika kwa Lisp kichanganuzi cha modeli ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi, modeli ambayo Arvi Hurskainen aliitumia kuchanganua Kiswahili (1992). Wanaprogramu huilaumu Lisp kwa kutumia kumbukumbu nyingi na kuzidiwa kasi na C. Lawama hiyo ina uzito kwa matini ya maneno milioni. Kwa Kinyamwanga cha Tunduma au Kinyiha cha Mbozi, ambapo kanuni hurekebishwa kila mtafiti apatapo data mpya, kubadili kanuni moja na kuijaribu papo hapo kuna faida kuliko kasi.