Zulia, Paka na Maji ya Javel

Paka ni mlinzi mwema wa nyumba. Pasipo yeye panya hula unga na kutafuna nguo. Lakini akikojoa juu ya zulia la sebule, nyumba nzima hunuka. Huko Kabondo, mojawapo ya komini sita za mji wa Kisangani, taabu hii si ndogo: mji huo u karibu na Ikweta, hewa yake ina unyevu mwingi, na zulia lililolowa halikauki upesi.

Tujue kwanza harufu ile yatoka wapi. Katika mkojo mna yurea. Vijidudu huivunja ikageuka amonia, ndiyo inayowasha pua. Mna pia asidi ya yuriki, ambayo ikikauka huwa chembe zisizoyeyuka vema majini. Ndiyo sababu zulia lililofuliwa laonekana safi, kumbe siku ya mvua harufu huamka tena. Naye paka akiinusa, hurudi pale pale.

Wengi hukimbilia maji ya Javel, yaliyopata jina lake kwa Javel, zamani kijiji kando ya Paris. Hapa tujihadhari sana! Maji hayo yakikutana na amonia ya mkojo huzaa hewa ya sumu ichomayo macho, koo na mapafu. Katika chumba kilichofungwa, alimolala mtoto mchanga, ni hatari kubwa. Wala tusiyachanganye na siki, kwani hutoa klorini, nayo ni sumu.

Basi tufanyeje? Mkojo ungali mbichi, tuukandamize kwa kitambaa kikavu. Tusisugue, maana kusugua huuzamisha. Tumimine maji baridi kidogo, tukandamize tena. Kisha tutie siki iliyochanganywa na maji kiasi kile kile, baada ya kuijaribu pembeni isije ikaharibu rangi; siki hutuliza amonia. Tunyunyize baikaboneti, tuiache usiku kucha, asubuhi tuipanguse na kulianika zulia juani, pande zote mbili. Kwa doa la zamani, dawa yenye vimeng'enya vya kuvunja asidi ile ndiyo bora.

Mnyama asipigwe; kipigo humtia hofu tu, hakimfundishi. Tumpe sanduku la mchanga na kulisafisha kila siku. Akikojoa ovyo mara kwa mara, au kwa shida, huenda ni mgonjwa: tumpeleke kwa mganga wa wanyama.